Nati ya flaiwili imegoma: jua kinachokataa kabla ya kuongeza bomba

Ukipita kwenye mialo ya Mwanza, yaani fukwe zinapofikia boti za uvuvi, iwe Mwaloni pale Kirumba, Igombe, Kayenze au ng'ambo Ukerewe, hukosi kuona injini ya boti ambayo nati yake ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, ina makovu ya patasi. Aliyeyaweka hakuwa mvivu. Alikuwa na nguvu nyingi, soketi mbovu, na mwenye chombo amesimama nyuma yake akiuliza kama jioni wataingia ziwani.

Nimeandika hasa kwa ajili ya injini za boti za kuchanganya oili na petroli, Yamaha za HP 15 na HP 40 na ndugu zake, kwa sababu hizo zina nati moja kubwa katikati ya flaiwili. Magari mengi ya leo hayana nati hiyo. Flaiwili yake hushikwa na bolti kadhaa, na kinachogoma zaidi ni bolti ya puli ya mbele. Huko nitafika mwishoni, maana mafundi wa Nyakato na Igoma nao wana kesi zao.

Fundi akisema nati imegoma, anaweza kuwa na tatizo moja kati ya manne, na dawa ya moja huua jingine. Shafti inazunguka pamoja na nati. Au nati imeganda kwenye nyuzi. Au kona za nati zimeliwa. Au nati imetoka bila shida na flaiwili ndiyo iliyong'ang'ania shafti. Hilo la mwisho ndilo linaloua kranki, shafti kuu ya injini, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kabla hujashika spana

Chomoa mpira wa petroli, upeleke tenki mbali. Huenda baadaye ukahitaji moto au grinda, na petroli iliyomwagika chini ya injini haisubiri uikumbuke. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi na isije ikawaka mkono wako ukiwa ndani. Kwenye injini za kuvuta kamba, fungua stata ya kamba pamoja na kibakuli chake kinachokaa juu ya flaiwili. Mara nyingi bolti tatu za kibakuli hicho hukaa kwenye matundu yaleyale utakayoyahitaji kwa pula, kifaa cha kuvutia flaiwili itoke, kwa hiyo usiyajaze uchafu.

Sugua nati kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Tafuta washa yenye ulimi uliokunjwa kwenye ubavu wa nati. Kama upo, ulaze kwanza kwa patasi ndogo. Kuna watu wanaoning'inia kwenye bomba la kurefushia spana kumbe kinachowazuia ni kipande cha bati. Kisha tazama nyuzi zinazochomoza juu ya nati. Shafti ikiwa wima, nyuzi zinazopanda kuelekea kulia ni za kawaida na nati yake hufunguka kwa kugeuza kushoto. Zikipanda kuelekea kushoto, ni kinyume. Injini za boti tunazozishika kila siku ni za kawaida, lakini injini usiyoijua itazame, usiikisie.

Nati inageuka, na kila kitu kinageuka nayo

Hapa nati haina kosa lolote. Hujaishika injini. Kranki iko huru kuzunguka, na nguvu yako yote inaishia kuizungusha.

Njia zinazotumika sana mwaloni ndizo mbaya zaidi. Moja ni kuchomeka bisibisi kubwa kwenye meno ya flaiwili na kuigandamiza dhidi ya bloku. Bloku hiyo ni aluminiamu. Jino likivunjika una hasara, bloku ikipasuka una hasara kubwa zaidi. Nyingine ni kuingiza gia na kuzuia pangaboi kwa gogo. Nguvu hiyo inapita kwenye shafti ndefu ya kwenda chini, kwenye gia, kisha inaishia kwenye mpira ulio ndani ya kitovu cha pangaboi. Mpira huo umewekwa uteleze pangaboi likigonga mwamba, na utateleza kweli: nati itabaki pale pale, na boti itakosa nguvu siku inayofuata bila mtu kuelewa sababu.

Shika flaiwili yenyewe. Kishikio kizuri ni cha kujitengenezea: flatibaa nene, urefu wa karibu nusu mita au zaidi, yenye matundu mawili na bolti mbili zinazoingia kwenye matundu ya uso wa flaiwili. Pima umbali wa matundu kwa kuweka karatasi juu ya flaiwili na kuisugua kwa kidole chenye grisi. Duara zitajichora zenyewe. Bolti zisizame sana, chini yake kuna koili, zile nyaya zilizosokotwa za umeme wa injini. Fundi wa kuchomelea yeyote ataimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, na kishikio kitakuzika wewe.

Kama huna kishikio, mkanda unaozunguka ukingo wa flaiwili unasaidia, mradi ukingo uwe mkavu. Feni belti ya zamani iliyofungwa kwenye kipande cha bomba inatosha kwa HP 15. Kwa HP 40 mara nyingi itateleza.

Kuna pia mbinu ya kamba ndani ya silinda. Inafanya kazi, ila kwenye injini hizi ina mtego. Silinda ya injini ya kuchanganya oili ina milango ubavuni, wa kutolea moshi na ya kuingizia hewa. Kamba ikiingia mlangoni na pistoni ikapanda, kamba inakatwa na vipande vinabaki humo. Kwa hiyo pandisha pistoni ya silinda ya juu, iliyo karibu na flaiwili, mpaka ifike kileleni. Kisha zungusha flaiwili upande wa kulia ili pistoni ishuke kidogo, isizidi sentimita 2, ili milango ibaki imefunikwa. Hakikisha kwa tochi kupitia tundu la plagi. Sasa lisha kamba ya nailoni iliyosukwa, nene kiasi, ncha imeunguzwa isifumuke, na mwisho mwingine ubaki nje umefungwa fundo. Ukigeuza nati kushoto, pistoni itapanda, itaibana kamba na kusimama.

Kwa nini silinda ya juu? Kranki ya injini hizi imeunganishwa kwa vipande vilivyopigiwa presi. Ukizuia silinda ya chini, nguvu yako inapita kwenye maungio ya katikati, na kranki inaweza kujisokota. Hata kwa silinda ya juu, mimi kamba naiweka ya pili. Kishikio hakigusi pistoni, konrodi wala beringi.

Shafti imeshikwa barabara, nati haisogei

Sasa ndiyo nati yenyewe. Sababu ni chache: kutu, kukazwa kupita kiasi, au gundi.

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo kutu ya hapa si ya chumvi inayowatesa wenzetu wa Tanga na Mafia. Ya kwetu hutoka juu. Kofia ya injini imevunjika au imepotea miaka, mvua zinanyesha moja kwa moja juu ya flaiwili, na kijana wa chombo anaiosha injini kwa ndoo ya maji ya ziwa. Maji yanakaa kwenye kishimo kinachozunguka nati. Injini iliyowahi kuzama ikafunguliwa juu juu tu nayo ni ya kundi hili.

Mafuta ya kupenya ndiyo mwanzo. WD-40 inapatikana, lakini mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na oili ya gia otomatiki, ile nyekundu, una sifa nzuri kwa mafundi wengi. Viwili hivyo vinajitenga vikikaa, kwa hiyo tikisa kila unapotia. Dizeli tupu pia husaidia ukiipa muda. Muda ndio wenye kazi hapa. Tia jioni, gonga ubavu wa nati kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili mafuta yapate njia, tia tena, ulale. Kwa wavuvi wa dagaa hili si gumu kupanga: kazi yao ni ya usiku wa giza, na siku za mbalamwezi vyombo vinakaa nchi kavu. Injini yenye nati iliyooza iletwe siku hizo. Ikiletwa katikati ya giza, utaharakishwa, na haraka ndiyo inayozaa yale makovu ya patasi.

Soketi iwe ya pembe sita, nene, isiyocheza kwenye nati. Ya pembe kumi na mbili inagusa karibu na kona tu, na kona ndizo utakazozihitaji. Spana ya kurekebisha iache kwenye sanduku.

Kisha hesabu ya bomba. Nati za injini za ukubwa huu hukazwa kwa zaidi ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 100. Mkono ukivuta kwa uzito wa kilo 30 kwenye mpini wa sentimita 60 unatoa karibu Nm 180. Huo ndio mvuto wa kawaida wa fundi mzima. Mtu wa kilo 70 akining'inia mwisho wa bomba la mita moja anatoa karibu Nm 690. Ukifika huko na nati haijasogea, usitafute bomba refu zaidi. Kuna kitu hujakiona: ulimi wa washa, gundi, au nyuzi zilizoumana. Ukiendelea, kitakachoachia kinaweza kuwa ncha ya kranki.

Mshtuko hufungua kuliko kusukuma. Kama kuna mashine ya kufungulia nati za magurudumu, ya betri au ya upepo, hii ndiyo kazi yake. Inagonga kwa haraka kiasi kwamba mara nyingine hata kishikio hakihitajiki, kwa sababu uzito wa flaiwili wenyewe unaizuia isizunguke. Piga kwa vipindi vifupi. Kama unaenda kuazima kwa fundi tairi, jua kuwa kompresa ndogo ya kujazia pikipiki haitatosha: presha inaweza kusoma vizuri, lakini upepo unaisha kwa sekunde chache na mashine inalegea. Inataka presha ya karibu baa 6 inayodumu na mpira mpana.

Bila mashine hiyo, jaribu kukaza kidogo kwanza. Kidogo tu, mpaka uhisi imesogea nywele moja, kisha rudisha kushoto. Kutu ikishavunjika upande mmoja, huachia na mwingine.

Moto nauweka nyuma, na nitaeleza mipaka yake kwenye flaiwili, maana ni ileile. Gundi ya nyuzi, ile nyekundu ya kudumu, hulainika kwa joto la zaidi ya nyuzijoto 200, kwa hiyo pasha nati yenyewe kwa mwali mdogo na uifungue ikiwa bado ya moto.

Inalegea nusu mzunguko, kisha inakaza tena

Simama hapo hapo. Nyuzi zinaumana. Ama kuna uchafu wa kutu ulionaswa, ama mtu aliwahi kufunga nati isiyo yake, yenye nyuzi pana kwenye shafti ya nyuzi nyembamba, akailazimisha. Rudisha ndani robo mzunguko, tia mafuta, toa robo na kidogo, rudisha. Unga wa kahawia ukitoka pamoja na mafuta, unaendelea vizuri. Vikitoka vinyweleo vinavyong'aa, nyuzi zinachunwa, na ni bora ukate nati kuliko kupoteza ncha ya shafti. Nati ni ya kununua. Kranki ni ya kuuza ng'ombe.

Kona zimeliwa

Soketi inayopungua kidogo ukubwa, ya inchi badala ya milimita kwa mfano, ikipigwa kwa nyundo ikae kwenye nati mara nyingi inatoa kazi. Ikishindikana, chomelea nati kubwa juu ya ile iliyoliwa, ukijaza weldi ndani. Joto la weldi nalo linasaidia kulegeza. Masharti ni mawili. Ung'oe waya za kisanduku cha umeme wa injini kabla, na kibano cha ethi cha mashine ya kuchomelea kikae kwenye flaiwili au nati, karibu kabisa na unapochomelea. Ukikifunga kwenye bloku, umeme unapita kwenye beringi za kranki na kuziachia vidonda vidogo utakavyovisikia baadaye vikiimba.

Njia ya mwisho ni kuikata. Grinda au drili, mkato wima sambamba na shafti, ukiacha unene mwembamba usigusane na nyuzi, kisha patasi moja kwenye mkato huo inaifungua nati. Funika flaiwili yote kwa kitambaa kilicholowa na uzibe kila tundu kwa grisi au tepu. Chini yako kuna sumaku, na kila chembe ya chuma inayoruka inazitafuta. Zikiingia, kuzitoa ni kazi ya siku nzima.

Nati imetoka, flaiwili haitaki

Hapa lazima uelewe umbo. Ncha ya kranki imechongwa kwa mchongoko, pana chini na nyembamba juu, na tundu la flaiwili limechongwa vivyo hivyo. Nati inapokazwa, inaivuta flaiwili chini mpaka vyuma viwili vibanane. Kubanana huko ndiko kunakobeba nguvu yote. Kile kipande cha nusu mwezi, kii, hakibebi nguvu. Kazi yake ni kuonyesha flaiwili ikae wapi ili cheche ipige kwa wakati. Kwa hiyo flaiwili iliyong'ang'ania baada ya nati kutoka haina ugonjwa. Imefungwa ilivyotakiwa.

Mbinu ya zamani mwaloni inahitaji watu wawili. Mmoja anainyanyua injini kwa kushika flaiwili, mwingine anapiga ncha ya shafti kwa nyundo kubwa. Na inatoka, ndiyo maana inaendelea. Lakini pigo hilo linashuka moja kwa moja kwenye kranki ya vipande. Beringi zinapata vidonda, vipande vinahama kidogo kutoka kwenye mstari mmoja, na injini inaanza kutetemeka baada ya wiki kadhaa. Hakuna anayekumbuka nyundo tena. Lawama inaenda kwa oili. Kuchokonoa ukingo kwa nondo kutoka chini nako kunapinda ukingo na kunasa koili. Pula ya kucha tatu inayoshika ukingo wa nje, ile ya kutolea beringi, ina kosa lilelile: sumaku zimegundishwa ndani ya ukingo huo, na ukingo ukipinda zinapasuka au zinabanduka.

Pula inayofaa ni bamba lenye matundu matatu na bolti moja kubwa katikati. Bolti tatu zinaingia kwenye matundu yenye nyuzi kwenye uso wa flaiwili, ile ya katikati inasukuma shafti. Kwenye Yamaha nyingi za ukubwa huu bolti hizo ni za milimita 8. Kutengeneza ni rahisi kuliko kutafuta dukani, hasa kwa fundi wa Ukara au Kome ambaye karakana ya kuchonga vyuma iko ng'ambo ya maji: bamba la milimita 10 au 12, matundu kwa ile karatasi yako ya grisi, nati kubwa ya nyuzi nyembamba iliyochomelewa katikati, na bolti yake ndefu iliyochongwa ncha. Bolti tatu ziwe na namba 8.8 au zaidi kichwani. Bolti laini za kufungia mabati zitavunjikia ndani ya flaiwili, na hapo utakuwa na tatizo la tano.

Rudisha nati kwenye shafti mpaka uso wake ulingane na ncha. Nati hiyo inalinda nyuzi, na flaiwili ikiachia kwa kishindo inaidaka isikurukie. Funga bolti tatu kwa mizunguko 8 angalau: kwa bolti ya milimita 8 yenye hatua ya milimita 1.25, hiyo ni milimita 10 za nyuzi zilizoshika. Usizidishe sana, koili iko chini. Hakikisha bamba limelala sawa kwa macho kutoka pande mbili, kisha kaza ya katikati ukiwa na grisi kwenye nyuzi na kwenye ncha.

Itafika mahali haiendi tena. Usilazimishe. Gonga kichwa cha bolti ya katikati mara moja kwa nyundo ya karibu nusu kilo, pigo kavu, si zito, kaza tena robo, gonga. Flaiwili nyingi huachia hapo kwa mlio mkali unaowashtua watu. Ikikataa, iache ikiwa imevutwa hivyo hivyo. Chuma kilichovutwa usiku kucha mara nyingi kinakutwa asubuhi kimeachia chenyewe.

Ikiwa bado, sasa moto. Pasha kitovu cha flaiwili tu, kwa kuzunguka, ukiiacha shafti ibaki baridi kadiri iwezekanavyo. Kitovu chenye tundu la milimita 30 kikipanda nyuzijoto 100 kinapanuka karibu sehemu 3 hadi 4 za mia za milimita. Inaonekana si kitu, lakini kwa mchongoko uliobanana inatosha. Usiende mbali zaidi ya hapo: gundi ya sumaku inalainika, na sumaku zenyewe zinapoteza nguvu zikipashwa sana. Kipimo cha mwaloni ni mate: tone likichemka na kukauka papo hapo kwenye kitovu, inatosha. Ukingo uwe unashikika kwa mkono. Tochi ya gesi ya kawaida inafaa. Mtungi wa oksijeni na asetilini ni mkali mno kwa kazi hii, unapasha sehemu moja mpaka nyekundu kabla hujafumba jicho.

Imetoka: soma mchongoko kabla ya kufunga

Tazama kii. Ikiwa imekatika au imepinda ngazi, flaiwili ilikuwa imeteleza, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiirudisha kamba kwa nguvu mkononi mwa kijana akivuta, au injini kugoma kuwaka wakati cheche ipo. Tazama mchongoko wa shafti na wa ndani ya flaiwili. Mistari mirefu iliyochunika inasema nati ilikuwa imelegea. Doa la kutu lililozunguka linasema maji yalikuwa yanaingia.

Michubuko midogo inasawazishwa kwa pasta ya kusagia valvu, laini: paka kidogo, weka flaiwili bila kii, izungushe kwa mkono kulia na kushoto, inua, futa, tazama. Ukiona rangi moja ya kijivu kwenye sehemu kubwa ya mchongoko, acha. Safisha pasta yote kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Funga mchongoko ukiwa mkavu. Wengi wanaupaka grisi kwa nia njema ili safari ijayo itoke kirahisi. Grisi inaifanya flaiwili ipande zaidi kwenye mchongoko kwa nguvu ileile ya nati, mpaka kitovu kinaweza kupasuka. Au inateleza na kukata kii. Kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kabla ya kurudisha kibakuli cha kamba, chora mstari mmoja wa rangi unaovuka nati na flaiwili. Chombo kikirudi, fungua, tazama: mistari ikiachana, nati imesogea, na kosa liko kwenye mchongoko au kwenye kii. Kukaza zaidi hakutalitibu.

Kwenye gari

Gari lenye nati moja ya flaiwili lipo, ila ni la wazee: Volkswagen Beetle. Nati yake ni ya milimita 36 na hukazwa kwa karibu Nm 343, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu kishikio yanazidi hapo. Ukiiona imegoma, haijagoma. Ndivyo inavyokaa.

Hiace, Noah na IST zinazojaa gereji zetu zina bolti kubwa ya puli ya kranki mbele, na kugoma kwake karibu siku zote ni ile hali ya kwanza: injini inazunguka. Gia ya mkono, weka ya tano, mtu akanyage breki. Otomatiki haishikiki hivyo. Shika puli kwa kishikio kupitia matundu yake. Usizuie puli kwa mkanda kama ina raba kati ya kitovu na ukingo, raba itajisokota.

Kuna wanaotumia stata: soketi kwenye bolti, mpini umeegemea fremu, injini imezimwa petroli na cheche, ufunguo unapigwa kidogo. Inafungua. Lakini soketi isipokaa sawa mpini unaruka, na hakuna mtu anayepaswa kuwa mbele ya bampa wakati huo. Pia hufanya kazi tu kwenye injini inayozunguka kulia ukiitazama kwa mbele. Honda nyingi za zamani zinazunguka kushoto, na kwa hizo stata itaikaza bolti badala ya kuifungua. Na ukishatoa timing belti, usiizungushe kranki kwa nguvu kabisa ukiwa bado unapigana na bolti. Kwenye injini nyingi pistoni itakutana na valvu.

Bolti za flaiwili yenyewe, gia boksi ikiwa chini, zishike kwa kipande cha chuma chenye meno kilichofungwa kwenye tundu la bolti ya gia boksi, kikiingia kwenye meno ya stata. Legeza kwa kuvuka upande hadi upande. Weka alama ya flaiwili na kranki kabla hujatoa ya mwisho, na iache bolti moja ikiwa imeshika nyuzi chache, kwa sababu flaiwili ni nzito na miguu yako iko chini yake. Baadhi ya injini zina bolti za kuvutika ambazo hazirudishwi mara ya pili, kitabu kitasema. Na ukiwa umefika huko, ukaona oili imelowa nyuma ya flaiwili, badilisha sili ya nyuma ya kranki hapo hapo. Mwenye gari akikataa kulipia sili leo, mwonyeshe oili hiyo kabla hujafunga, maana mwezi ujao atalipa kushusha gia boksi upya.